Mwambie Akanyage

Jumatatu, 18 Novemba

Asubuhi mvua nyembamba. Ukungu umeshuka mpaka kwenye uzio wa jirani. Kibeta yote, mtaa wetu hapa Bukoba, inanuka udongo na moshi wa kuni mbichi.

Habari kubwa leo. Mama mkwe, Ma Adventina, amepiga simu kutoka Izigo. Harusi ya wifi yangu Joanitha ni Jumamosi, hilo nalijua, gauni langu limeshashonwa. Jipya ni hili: Jumapili, siku ya pili yake, baba mkwe ataamua gari la familia likae kwa nani. Amechoka kuliona linahamahama. Mwezi huu kwangu, mwezi ujao kwa Elieth kule Muleba, na kila linapohama kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyelikwaruza. Sasa litakaa nyumba moja. Mwenye nyumba hiyo ndiye atakayewapeleka wazee kanisani, hospitali na misibani, na funguo zitaning'inia ukutani kwake. Atapewa yule aliyelitunza.

Aliyelitunza! Mimi ninaliosha lote. Elieth, mke wa shemeji yangu Avit, huosha upande unaoonekana kutoka barabarani.

Lakini kuosha peke yake hakutoshi. Nimekaa nikafikiri kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa sekondari: tatizo, sababu, suluhisho. Baba mkwe, Ta Lwakatare, aliendesha lori la kahawa ujana wake wote. Mtu wa namna hiyo hatazami rangi. Atafungua boneti. Basi nikaifungua mimi kwanza. Kila kitu safi, isipokuwa kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta mapya huwa na rangi ya asali nyepesi. Ya kwetu ni meusi kama kahawa iliyochemshwa mara mbili.

Mpango umepatikana. Nitabadilisha mafuta ya breki mwenyewe, bila gereji, bila fundi. Mzee akifungua boneti atakuta yanang'aa. Elieth atakosa la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nimemtumia ujumbe mume wangu Evarist, yuko kisiwani Goziba kwenye biashara ya dagaa. Nimemwambia nina mpango na breki. Mtandao wa kule huja unapojisikia. Hajajibu. Nimechukulia kwamba amekubali.

Jumanne, 19 Novemba

Jua asubuhi, kali, la kudanganya. Mvua mchana.

Nimetoa kitabu cha gari. Chote Kijapani. Hakuna shida, kina picha, na picha zina namba. Ya kwanza: kikopo. Ya pili: mtu ananyonya mafuta machafu. Ya tatu: mtu mmoja ndani ya gari amekanyaga pedali, mwingine chini nyuma ya gurudumu anafungua skrubu ndogo, na mafuta ya zamani yanatoka pamoja na upepo. Wote wawili wanatabasamu. Kazi ya furaha.

Mafuta ninayo. Chupa ya mwaka juzi, ipo rafuni juu ya jiko, imebaki kama nusu. Kizibo haina. Kizibo chake kilitosha kabisa kwenye redio, pale pa kuongezea sauti palipokuwa pamevunjika. Bila kizibo kile tusingesikia matangazo ya vifo, na tungekosa mazishi ya watu, na watu wangekosa ya kwetu. Chupa nimeiziba kwa jani la mgomba lililokunjwa vizuri. Likikauka nalibadilisha. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Nyuma ya chupa kuna maelezo ya Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Nimesoma mistari miwili. Nikakutana na neno refu ambalo halikuwa kwenye mtaala wetu wa kidato cha nne. Nikaona si lazima.

Jirani yangu Ma Georgina ameniazima bomba la sindano analonyweshea ndama dawa. Nikanyonya mafuta meusi yote kwenye kikopo, nikajaza yangu. Yana weupe kidogo, kama macho ya mtu aliyeamka. Nikajiambia ni mwanga. Matone machache yalidondokea ubavuni mwa gari, karibu na taa. Nikayapangusa kwa pindo la kanga.

Jioni simu. Elieth! Sauti tamu kama asali ya dukani. Aliniuliza breki zinaendeleaje. Amejuaje? Kisha nikakumbuka kwamba yeye na Ma Georgina wote ni Walutheri, na wako kundi moja la kwaya kwenye simu. Alisema asinisumbue, ila amenunua chupa mpya kabisa ya mafuta ya breki, haijafunguliwa, ataileta Izigo kama zawadi kwa gari la baba.

Zawadi kwa gari la baba! Nikamwambia asante mdogo wangu, tunayo.

Jumatano, 20 Novemba

Mawingu mazito tangu alfajiri. Hakuna mvua, kuna kusubiri mvua.

Balaa. Pale nilipopangusa kwa kanga, rangi ya gari imevimba kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nikaibonyeza kwa kidole, nione. Ikatoka. Nikabonyeza pembeni, nayo ikatoka. Nikaacha kubonyeza. Sasa kuna bati tupu upana wa kisahani cha chai.

Nikakaa kwenye ngazi nikatafuta suluhisho. Harusi! Gari la harusi huwekewa maua. Nimenunua utepe mweupe, nikasuka ua kubwa, nikalibandika juu ya bati. Limekaa upande mmoja tu. Nikasema moyoni, ndiyo mtindo wa sasa.

Lakini shida ya pili imenijia wakati naosha vyombo. Kwenye kikopo mafuta ni mapya, kwenye mabomba bado ni yale meusi. Picha ya tatu sijaifanya. Inataka watu wawili, na hapa nyumbani niko peke yangu.

Halafu wazo likaja, zuri mpaka nikaacha sufuria. Kwa nini niifanyie Kibeta, gizani, mahali ambapo hakuna anayeniona? Nitaifanyia Izigo, uani kwa wazee. Ta Lwakatare aone kwa macho yake nani analitunza gari. Tena nitamwomba yeye mwenyewe awe mtu wa chini, kwa heshima ya ufundi wake. Atajisikia kijana.

Kuna jambo moja dogo. Katika nyumba ile baba mkwe na mkamwana hawasemeshani. Hawatazamani usoni, hawakai benchi moja, na jina langu halijawahi kutoka kinywani mwa Ta Lwakatare tangu niolewe. Akinihitaji humwambia mama mkwe: mwambie. Nami nikimhitaji: mwambie baba. Ndivyo walivyolelewa, ni heshima, nimeizoea. Elieth naye vivyo hivyo.

Sijawahi kuifikiria pamoja na breki. Nadhani haitakuwa shida.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua toka Bukoba mpaka Kemondo, kisha jua ghafla. Gari limeenda vizuri, breki nzima. Naliandika hilo makusudi, maana ni mara ya mwisho.

Izigo nimemkuta Elieth ameshafika, anachambua maharage barazani. Pembeni yake chupa ya mafuta ya breki. Ameifunga kwenye karatasi ya zawadi, na nyota. Alilitazama ua langu la utepe, akauliza mbona liko upande mmoja. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Akasema, "Kumbe! Kwetu Muleba bado hatujaupata."

Nikamweleza mama mkwe mpango wangu. Akamweleza mzee. Mzee akaja na kofia yake ya zamani ya udereva na mkeka, akajaribu kutoonyesha furaha. Akalala chini kando ya gurudumu la nyuma kushoto, spana mkononi. Mimi kwenye usukani, natazama mbele kwa adabu. Mama mkwe amesimama katikati, kanga imefungwa kiunoni. Majirani wawili wakaja kuegemea uzio.

Kazi yenyewe iko hivi. Wa juu anakanyaga na kushikilia. Wa chini anafungua skrubu, mafuta na upepo vinatoka, anafunga. Hapo ndipo wa juu anaachia. Ukiachia kabla skrubu haijafungwa, breki zinavuta upepo badala ya kuutoa. Mzee alimweleza mama mkwe yote haya. Mama mkwe akaniambia baba anasema nikanyage na niachie.

Sauti ikatoka chini ya gari: "Mwambie akanyage."

Mama mkwe hawezi kumwamuru mtu namna hiyo, ni mama mwenye adabu zake, hata kwangu husema Kihaya cha heshima: mawe, yaani mama, na waitu, yaani wetu. Akanigeukia. "Mawe Annastella, waitu, baba yako anasema, kama hujachoka, ukanyage."

Nikakanyaga. Nikamwambia amwambie baba nimekanyaga. "Baba Evarist, amekanyaga, na anakushukuru kwa kazi."

"Mwambie ashikilie!"

"Anasema ushikilie, mwanangu. Lakini umekula?"

Nikasema nimekula. Akauliza nini. Nikasema mihogo. Akasema mihogo si chakula cha safari. Chini ya gari mzee alikuwa ameshafungua, ameshafunga, ameshasema niachie, na ameshasema nikanyage tena. Mama mkwe ndiyo kwanza ananiletea "achia".

Tukawa nyuma kwa amri moja. Kila mzee alipofungua skrubu akijua nimekanyaga, mimi nilikuwa naachia. Nikaisikia breki ikivuta upepo, sauti kama mzee anayekunywa uji wa moto. Mwanzoni sikuelewa. Kwenye gurudumu la pili nikaelewa vizuri sana.

Sasa ningesemaje? Nimwambie mama mkwe amwambie mzee kwamba mke wake anachelewa? Au nimrekebishe baba mkwe mbele ya majirani, na Elieth yuko pale na maharage yake? Nikaendelea kuachia na kukanyaga kwa amri zilizopoa.

Gurudumu la nne, mafuta kwenye kikopo yakakaribia kukauka. Elieth akainua chupa yake yenye nyota. "Dada, kama yamepungua yapo haya, usione haya."

Nikasema yanatosha. Nikakamulia matone ya mwisho ya chupa yangu. Nikiinamisha kichwa kushoto, yanafika mstari wa chini.

Mzee akatoka amejaa vumbi, anacheka peke yake. Akamwambia mama mkwe aniambie kwamba nimefanya kazi kama mwanaume. Elieth akachana ganda la maharage kwa nguvu mpaka punje ikaruka.

Niliwaza habari za upepo. Nikawaza pia habari za funguo ukutani. Nikanyamaza.

Ijumaa, 22 Novemba

Asubuhi ya baridi, migomba inatiririka maji.

Nimelijaribu gari kabla hawajaamka. Pedali inazama kama mguu kwenye matope. Ukiikanyaga mara moja, hakuna kitu. Ukiipiga-piga mara nyingi, breki inakuja, inakuja kwa kusuasua kama mdaiwa. Nikazunguka uani. Nusura nibebe banda la kuku.

Kusema ukweli ni kupoteza gari. Nimelipima hili kila upande. Nikisema breki hazipo, mzee atauliza kwa nini, na sababu ni mke wake, au yeye, au mimi. Kwa vyovyote nitakuwa mimi.

Mchana mzee amemtuma mama mkwe aniulize breki zikoje. Nikamwambia amwambie baba breki ni laini kabisa. Si uongo. Mzee akafurahi.

Nikampigia Evarist. Simu haipatikani. Ziwa limechafuka, boti hazitoki Goziba, harusi ataikosa. Nikatuma ujumbe: pedali ikizama mtu afanyeje? Halafu nikaongeza: nauliza tu.

Elieth anaoka keki. Keki ya baba, amesema, atamkabidhi mzee mkononi kesho baada ya sherehe, watu wote wakiona. Ataikabidhije mkononi wakati haruhusiwi kumkaribia? Akasema atapitishia kwa mama. Kila mtu na mpango wake kwenye nyumba hii.

Hesabu yangu: kwenda Kamachumu, kanisani kwenye harusi, ni kupanda. Kupanda hakuhitaji breki. Kurudi ni kuteremka. Kurudi nitakufikiria kesho.

Jumamosi, 23 Novemba

Asubuhi nyeupe, bila upepo. Siku nzuri ya harusi.

Kupanda tulipanda vizuri. Gia namba mbili, taratibu, kila mtu akanisifu kwa uangalifu. Misa nzuri. Joanitha alipendeza mpaka mzee akafuta macho kwa kofia. Chakula kingi. Mimi sikula. Nilikuwa naangalia barabara.

Jioni haijaingia, wazee wakataka kurudi. Avit akabaki kucheza. Mama mkwe akakaa mbele pembeni yangu. Mzee nyuma yake, kapu la zawadi limewekwa katikati ya kiti ili isihesabike benchi moja. Elieth nyuma yangu, keki mapajani, maana umati ulikuwa mkubwa na hakupata nafasi ya kuikabidhi. Mvua ilikuwa imepita, barabara inang'aa.

Juu ya mteremko nikasimama. Nikapendekeza tusali kwanza. Tukasali. Nikapendekeza rozari nzima. Mama mkwe akasema tutaimalizia nyumbani. Nikapendekeza tushuke kwa miguu, tutazame mabonde, hewa nzuri. Elieth akauliza, "Na viatu hivi?"

Basi. Gia namba mbili. Kona ya kwanza nikapiga-piga pedali, breki ikaja. Kona ya pili ikaja, imechelewa. Elieth akauliza mguu wangu una nini, mbona unacheza. Nikasema wimbo wa harusi bado uko kichwani. Kona ya tatu nikasikia harufu ya kuungua. Nikapiga pedali. Ikaenda mpaka chini na haikurudi. Nikaipiga tena. Hakuna. Kama kukanyaga mto wa kulalia.

Gari likaanza kujiendea.

Hapo simu yangu ikalia. Mtandao wa Goziba umejisikia! Mama mkwe akaichukua, akaisoma kwa sauti, taratibu, herufi kwa herufi. "Evarist anasema: usiguse breki."

Nikamwambia amwambie hata nikizigusa hazipo.

Watu wanne tukaelewa jambo kwa pamoja. Kisha sauti ya mzee kutoka nyuma, nzito, ya dereva wa lori: "Mwambie aingize gia namba moja. Mwambie avute hendibreki kidogo kidogo. Mwambie asizime gari."

Na mama mkwe, Mungu ambariki, akanigeukia kwa adabu zake zote. "Mawe, waitu, baba yako anasema..."

Mbele yetu, chini kidogo, kinamama wa harusi wanashuka kwa miguu. Wamejaa upana wa barabara, vikapu kichwani, wanaimba. Honi nikapiga. Wakadhani ni shangwe, wakapiga vigelegele. Upande wa kulia bonde. Kushoto tuta la nyasi, na nyuma yake kibanja cha mtu, shamba la migomba. Vikapu vinakua. Mama mkwe amefika "...kama utaweza, mwanangu..."

"ANNASTELLA! KUSHOTO! INGIA KIBANJANI!"

Jina langu. Tangu niolewe. Kwa sauti ile.

Nikakata kushoto. Tukaruka tuta, tukaangukia matandazo ya majani, mororo, mazito, gari likazama mpaka tumboni. Mgomba wa kwanza ukalala. Wa pili ukalala. Wa tatu ukatutazama, ukainama polepole, ukatuwekea mkungu wake juu ya boneti. Tukasimama.

Hakuna aliyeumia. Naliandika tena: hakuna aliyeumia. Keki ilikuwa imehamia mgongoni mwa kiti changu, na nyingine kwenye nywele zangu. Ua la utepe lilikuwa limedondoka. Bati tupu, wazi, sasa upana wa sahani ya wali.

Mimi na mzee tulikuwa tunatazamana kwenye kioo. Macho kwa macho. Yake yana kahawia ndani, sikuwahi kujua, Evarist ameyarithi. Akaniuliza, mimi, moja kwa moja, kama nimeumia. Nikamgeukia mama mkwe ili amwambie sijaumia.

Mama mkwe alikuwa ameshika rozari. Akasema, "Usinitazame mimi. Ameshakuita jina. Mimi nimestaafu."

Akatokea mwenye kibanja, Mzee Zahoro, na panga, akidhani ni wezi wa ndizi. Akatuzunguka. Akaona magauni yetu, akaona keki. Akasema hajawahi kuona harusi inayoingia kwake bila kumwalika. Mzee wetu akatoka garini, akavua kofia, akaomba radhi. Kilichobaki cha keki ya Elieth akakabidhiwa Mzee Zahoro. Mkononi, watu wote wakiona. Kinamama wa vikapu wakapiga vigelegele tena.

Elieth akalia. Nadhani ni kwa ajili ya keki.

Jumapili, 24 Novemba

Jua, na jogoo wengi. Sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho niliona vikapu.

Baada ya misa tukakaa uani. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye ungo. Nilitafuna yangu kama dawa. Nilijua hukumu yangu.

Ta Lwakatare akaniita. Jina tena! Bado nashtuka. Akauliza mafuta yale niliyatoa wapi. Nikamletea chupa, niliitoa kwenye buti jana tulipoliacha gari kibanjani. Akaitazama, akachomoa jani la mgomba, akalinusa, akamwonyesha mama mkwe kama kitu kilichookotwa porini. Akaeleza kwamba mafuta ya breki hunywa unyevu hewani, chupa ikikaa wazi yanajaa maji, na maji yakipata moto wa mteremko yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Kumbe hiyo ndiyo maana ya lile neno refu nyuma ya chupa. Akasema upepo wa Alhamisi nao ulichangia, na huo ni wa kwetu sote watatu. Hapo mama mkwe akatazama juu ya mti.

Akauliza kizibo kiko wapi. Nikasema kimepotea. Kwa nini nimchoshe mzee wa watu na habari za redio?

Kisha akatoa uamuzi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, niko tayari kumpongeza Elieth, sentensi nilikuwa nimeshaiandaa.

Alisema gari litakaa kwa Annastella.

Nikainua kichwa. Elieth akakiinua chake zaidi. Mzee akasema yeye na mkewe wamezeeka, watapelekwa huku na huko kila wiki, na hatapanda tena gari ambalo dereva wake anasubiri tafsiri. Mama mkwe ameapa kutokaa katikati tena maisha yake yote. Jina la Annastella limeshatoka, halirudishiki. La Elieth bado limo ndani, na heshima yake ibaki kama ilivyo.

Masharti mawili. Fundi Protase wa Muleba alitengeneze kabla halijasogea. Na mimi nisifungue boneti tena, labda kwa maji tu. Nikaapa mkono kifuani. Akanikabidhi na chupa ya Elieth, ya nyota, ikae nyumbani kama akiba. Isifunguliwe mpaka fundi mwenyewe aiombe.

Tulipoagana Elieth alinisogelea. Nilidhani anataka kunipongeza. Aliniuliza kwa sauti ya chini ile kona baba aliponiita jina ilikuwa ya ngapi, hasa, kutoka juu.

Alhamisi, 28 Novemba

Asubuhi safi, mbingu imeoshwa. Senene wachache kwenye taa ya jirani jana, wengi zaidi leo.

Gari limefika Kibeta. Breki ngumu, kali, ukigusa tu linasimama kama limeitwa. Rangi bado, lakini fundi amepaka kitu cha kijivu. Funguo zinaning'inia ukutani karibu na picha ya harusi yangu. Nimezitazama mara nyingi. Evarist atarudi kesho, ziwa limetulia. Nimemwandikia kwamba gari ni letu na kwamba mengine nitamwambia akishakula.

Ahadi nimeitimiza. Boneti sijaigusa. Nimechungulia tu kutokea chini, kwa tochi, na nikiinamisha kichwa kulia naona kama fundi hakujaza kikopo mpaka mstari wa juu. Inawezekana ni kivuli. Bomba la sindano la Ma Georgina sijalirudisha bado, kwa bahati.

Niliahidi kutofungua boneti. Kuhusu chupa, niliambiwa tu isifunguliwe. Mimi binafsi sikuapa. Nimeifungua kidogo, nione rangi. Nzuri sana. Asali kabisa.

Nilipokuwa nimekishika kizibo mkononi, redio ikaanza kukoroma. Pale pa sauti pako salama, kizibo kile cha zamani kinafanya kazi miaka hii yote. Lakini pale pa kutafutia stesheni hapana kitu tangu Pasaka, tunazungusha kwa koleo. Nikajaribu. Kikaingia kama kilizaliwa pale. Redio sasa ina masikio mawili, na yanafanana.

Nimekwenda nyuma ya nyumba nikachagua jani changa la mgomba, lisilo na tundu. Nimelikunja mara mbili zaidi ya safari ile. Chupa nimeirudisha rafuni juu ya jiko, panapokauka vizuri mvuke wa ndizi ukishapita.

Matangazo ya vifo nimeyasikia yote, safi, bila mikoromo. Hakuna tunayemjua. Nalala saa tano kasoro dakika kumi.